Lete Paspoti Mbili

Katika ofisi ya serikali ya mtaa, iwe ya Tandika, Charambe, Mwananyamala au Bunju, agizo hutolewa bila mtoaji kuinua macho kwenye daftari: "Lete paspoti mbili." Anayeagizwa haulizi swali. Wala haimpitikii akilini kwamba anadaiwa kijitabu cha kusafiria. Anavuka barabara, anaingia steshenari, anakaa kwenye stuli, na baada ya dakika chache anarudi na vipande viwili vya karatasi ngumu vyenye uso wake. Hizo ndizo paspoti. Kile kijitabu cha Uhamiaji ni pasipoti, au hati ya kusafiria kwa lugha ya taarifa ya habari, na wakazi wengi wa Temeke na Kinondoni watazeeka bila kukishika. Paspoti wanazo. Zimo kwenye droo ya kabati, kwenye mkoba wa mama, katikati ya kurasa za daftari la vikoba, ndani ya bahasha ya kaki pamoja na cheti cha kuzaliwa na risiti za ada.

Neno lilianza likiwa refu: paspoti saizi, yaani picha yenye kipimo cha kubandikwa kwenye pasipoti. Mji ukalifanyia kile unachoyafanyia maneno marefu siku zote, ukalikata mkia. Saizi ikadondoka, na jina la kitabu likabaki kwa picha. Si kila mtu hutenganisha matamshi ya vitu hivi viwili, wapo wanaoviita vyote paspoti na wanaelewana vizuri tu. Lakini mwambie kijana wa Mbagala "nimepoteza paspoti zangu" uone kama atakuhurumia. Atakwambia kapige nyingine, pale kona.

Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI ilitoka mwaka 1981, BAKITA lilikuwapo tangu 1967, na tumekuwa na kamusi nyingine kubwa baadaye. Watunga kamusi wetu ni watu makini, nawaheshimu. Ila hili la paspoti ningelidai kwao kama mtu anavyodai chenji. Ningependa liandikwe hivi: paspoti, nomino ya ngeli ya i-/zi-, picha ndogo ya uso inayobandikwa kwenye fomu au barua ili imsimamie mtu mahali asipokuwepo. Neno ninalolitaka zaidi humo ni hilo la kusimamia. Picha hii haipigwi ili itazamwe na mtu akafurahi. Inapigwa ifanye kazi, na kazi yake ni ya udhamini.

Angalia barua ya utambulisho. Karatasi moja, maneno machache: mtajwa hapo juu ni mkazi wa mtaa wangu, namfahamu, naomba apewe msaada anaohitaji. Pembeni imebandikwa paspoti kwa gundi. Halafu unakuja mhuri, na mhuri una sheria yake. Ni lazima uangukie nusu kwenye picha, nusu kwenye barua, ili mtu asije akaibandua sura ya mwenye barua na kuweka ya kwake. Kwa hiyo utaona mkazi halali wa mtaa fulani ana duara la bluu linaloanzia begani na kumalizikia kwenye tarehe, au, mpigaji akiwa na haraka, duara linalopita shavuni kama kovu. Barua hiyo ndiyo inayosaidia kufungua akaunti ya benki. Ndiyo inayobebwa na mdhamini anayekwenda kumwekea ndugu yake dhamana mahakamani au polisi. Mimi binafsi naamini hapo ndipo upigaji picha ulipofika mbali kuliko popote katika maisha ya Mswahili: mtu yuko mahabusu, na anayemtoa ni uso wa shangazi yake wenye mhuri juu.

Ofisi yenyewe ya paspoti ni steshenari, ile fremu moja yenye mashine ya fotokopi mlangoni. Hapa lugha inacheza kidogo. Dar es Salaam tunaita chumba cha duka cha kupangisha fremu, na ndani ya fremu hiyo mpiga picha anauza fremu za kutundikia picha, na mteja na mwenye duka wote wanajua ipi ni ipi. Ukutani kuna pazia la bluu na jingine jeupe, kwa sababu kila ofisi ina rangi yake. Kwenye msumari limetundikwa koti. Ni koti la studio, jeusi au la bluu nzito, limevaliwa na walimu, madereva, wahitimu wa kidato cha nne na wazee wa kesi za viwanja, na halimkai vizuri hata mmoja wao. Kwa nyuma limebanwa na vibanio vya nguo ili mbele lionekane limenyooka. Tai haifungwi upya, inavutwa tu kichwani kama kitanzi, imeshafungwa tangu siku iliponunuliwa. Chini ya hapo mteja anaweza kuwa na bukta na ndala. Picha inaishia kifuani, na kilicho chini ya kifua hakimhusu mtendaji wa mtaa.

Siku hizi hata koti linastaafu. Kijana kwenye kompyuta anauliza, "Nikuvalishe suti?" na anakuvalisha kwa kutumia kipanya. Kuvalishwa suti limekuwa neno la kazi, nalo ni zuri kwa sababu halifichi chochote: umevalishwa, hukuvaa. Maagizo mengine ya pale hayajabadilika tangu enzi za mkanda wa kamera. Kaa sawa. Inua kidevu. Masikio yaonekane. Usicheke. Hilo la mwisho huwatesa watoto wa shule, ambao wakiambiwa wasicheke ndipo wanapocheka. Kisha mikasi. Picha hutoka zikiwa nne au nane kwenye karatasi moja, na mkataji mzuri utamjua kwa jinsi anavyokata mistari yote ya wima kwanza, halafu ya mlalo, bila kutumia rula.

Waingereza walipopata ufundi huu waliupa jina la Kigiriki. Mwaka 1839 mwanasayansi John Herschel alitumia mbele ya wenzake wa London neno lenye maana ya kuandika kwa mwanga, na Ulaya nzima ikalifuata. Waarabu waliegemea kwenye sura, wakasema taswira, kufanya sura ya kitu. Pwani yetu ilikuwa na neno lake tayari, sanamu, na kwa muda mrefu sanamu ilitosha kwa vyote, cha kuchongwa na cha kuchorwa. Hata katika kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 bado sanamu inabeba maana ya mchoro pamoja na ya kinyago. Lakini Unguja tayari ilikuwa na wapiga picha wa biashara tangu karne ya 19, akina A. C. Gomes, na mwaka 1930 Ranchhod Oza akafungua Capital Art Studio Mji Mkongwe. Watu waliopanga foleni kwenye studio hizo walihitaji neno la haraka, na "picha" lilikuwa jepesi mdomoni. Likashinda. Taswira ikahamia kwa wahakiki wa mashairi, ambako inakula vizuri mpaka leo. Sanamu ikabaki na mawe na shaba. Dar es Salaam ilipata ya kwake ya askari mwaka 1927, na konda wa daladala akikuambia utashuka kwenye sanamu, hakuna atakayedhani ni picha.

Nasikitika kidogo tulivyoiachia sanamu. Ilikuwa na uzito fulani, ilikumbusha kwamba kutengeneza sura ya mtu ni jambo la kufikiriwa mara mbili. Picha ni neno lisilo na hofu.

Basi tukalichukua jina kwa mkopo, lakini vitenzi hatukukopa. Na ufundi wowote ukitaka kuujua umeingia kiasi gani katika lugha, usitazame nomino zake, tazama vitenzi. Picha inapigwa, kama simu, pasi, kura, deki, magoti na mswaki. Wageni hutushangaa kwa hiyo kupiga, kana kwamba tunagombana na kila kitu, ilhali sisi tunapopiga pasi hatumwonei mtu. Kupiga ni kufanya jambo lenye mkono ndani yake na lenye mwisho wa ghafla. Kamera ya zamani ilikuwa na mlio, kaa!, na mlio huo ukaenda vizuri na kitenzi.

Baada ya kupiga kulikuwa na kusafisha. Kwa aliyezaliwa juzi hapa panahitaji maelezo. Kamera ilikuwa na mkanda, na mkanda wa kawaida ulitoa picha 36, au 37 kwa mpiga picha mjanja aliyeuvuta kwa uangalifu mwanzoni. Mkanda ulipokwisha ulipelekwa mjini kusafishwa, ukaogeshwa kwenye dawa gizani, ukatoka na watu wenye meno meusi na nywele nyeupe, na kutoka humo zikatolewa picha. Kwa hiyo kusafisha picha hakukuwa na maana ya kuifuta vumbi. Kulikuwa ni kuifanya iwepo. Siku za kungoja katikati ya kupiga na kusafisha zilikuwa na tabia yake. Mpiga picha wa mtaa alipita na kamera begani siku ya Idd au Krismasi, akapiga watoto wenye nguo mpya mlangoni, akapokea kishika uchumba, akasema atarudi wiki ijayo. Wengine walirudi. Wengine walirudi mikono mitupu na sentensi moja ambayo watu wazima wote wa jiji hili wanaikumbuka: "Zimeungua."

Kuungua kwa picha ni istilahi ya kweli. Mwanga ukiingia kwenye mkanda kabla ya kusafishwa, picha zote zinapotea, na hakuna neno la kueleza ajali hiyo vizuri zaidi ya kusema mwanga umeziunguza. Ila neno hilo hilo lilikuwa maficho. Kamera iliyopigwa bila mkanda ndani, mkanda uliouzwa, picha za harusi zilizokatika vichwa vyote, pesa ya kusafishia iliyonywewa, vyote viliungua. Mteja hakuwa na namna ya kuthibitisha, kwa kuwa kitu kilichoungua hakiachi ushahidi. Nimewahi kuwasikia wazee wawili wa Mtoni wakibishana kuhusu ubatizo wa mtoto ambaye sasa ana watoto wake, kama picha zile kweli ziliungua au "ziliunguzwa". Kauli ya kutendeshwa ilikuwa ndiyo kesi nzima.

Mkanda wenyewe ukahama kutoka kamera kwenda kwenye soga. Anayetaka kusikia kisa chote bila kurukwa husema nipe mkanda mzima. Picha nayo ikatanuka ikawa filamu: tulikwenda kuangalia picha, picha ya Kihindi, picha ya ngumi, na ilipokuwa ndefu na yenye vurugu ikapandishwa ngeli ikawa picha hili, picha lile. Ndiyo maana msimuliaji wa kijiweni, akifika pale ambapo baba mwenye nyumba anatokea ghafla, husema "picha linaanza", na hakuna anayedhani kamera inahusika. Ukitaka mwenzako awaze jambo unamwambia avute picha. Akiwaza mambo yasiyoeleweka, ana mapichapicha. Anayependa kuonekana kila tukio anauza sura. Anayebandika picha zake kwenye mtandao katupia. Vitenzi vyote hivi vimezaliwa bila mkunga wa serikali, na sijui kimoja ambacho ningebadilisha.

Upande wa pili kuna istilahi za ofisini, na humo nako kuna cha kufurahisha. Magazeti yametupa "pichani", kiambishi cha mahali kikifanya kazi ya kidole: fulani, pichani kushoto. Yametupa "katika picha ya pamoja", ambayo imekuwa tukio la ratiba. Semina haijaisha mpaka washiriki wamepanga mistari, wakubwa kwenye viti, wengine wima nyuma. Maneno yanayoandikwa chini ya picha tunayaita maelezo, na Idara ya Habari inajulikana kwa jina hilo hilo, MAELEZO, hata msomaji asiyejua akikuta "Picha na Maelezo" hudhani ameahidiwa vitu viwili.

Istilahi ya ofisini ninayoipenda kuliko zote ni picha mnato. Ilipohitajika kutofautisha picha iliyotulia na ile ya video, wataalamu walikwenda kwenye kitenzi kunata na kurudi na mnato. Picha iliyonata. Mara ya kwanza niliiona ya kulazimisha, hasa kwa kuwa vijana walikuwa wameshakichukua kitenzi hicho kwa maana ya kuringa, na mtu aliyenata mbele ya kamera ni jambo jingine kabisa. Lakini jina limeingia. Kadi za matangazo ya wapiga picha wa harusi Sinza na Kijitonyama zinaahidi "video na picha za mnato", na kamati za harusi zinapigania bei ya mnato kama zinavyopigania bei ya bia.

Kisha kuna maji, ambayo yalilipa neno hilo maana ambayo wataalamu hawakuikusudia. Mvua za Desemba 2011 zilijaza bonde la Msimbazi, zikaingia nyumba za Jangwani na kwingineko bondeni, zikaua watu, na serikali ikawahamishia waliokosa makazi Mabwepande, kule juu Kinondoni. Aliyewahi kuokoa albamu kutoka nyumba iliyofurika anajua kinachotokea. Uso wa picha una utando laini uliobeba rangi. Ukilowa, unavimba na kuwa kama uji. Picha zilizobanana kwenye albamu zikikauka pamoja hugeuka tofali. Ukijaribu kuzitenganisha, bi harusi anabanduka na kwenda na plastiki ya kurasa, na bwana harusi anaondoka na nusu ya mashangazi walioko nyuma ya picha inayofuata. Dawa ni kutozikausha kabisa: unazirudisha kwenye maji safi, unazitenganisha moja moja zikiwa bado mbichi, unazianika zikitazama juu, mbali na jua. Wachache huwa wanalijua hilo wakati godoro linaelea. Wengi walianika albamu nzima juani pamoja na blanketi. Kuna nyumba leo ambazo ukiuliza picha za marehemu babu unaonyeshwa tofali hilo, nalo halitupwi.

Picha ya marehemu ina kitenzi chake: inakuzwa. Kukuza ndilo neno la kulea mtoto, na ndilo neno la kufanya picha ndogo iwe kubwa. Msiba ukitokea usiku, asubuhi kabla hata ya turubai kufungwa sawasawa kuna mtu anatumwa kwenda kukuza. Akiulizwa na mpiga picha amekuja na nini, mara nyingi jibu ni kitambulisho. Mzee hakuwa mtu wa picha. Kilichopo ni ile iliyopigwa wakati wa kuandikisha wapigakura mwaka 2015, kadi ambayo mitaani iliitwa kichinjio, au ya NIDA, mamlaka iliyoanzishwa 2008 na ambayo ndiyo iliyowapa watu wengi wazima sura yao bora kuliko zote kwa sababu siku hiyo walikuwa wamechana nywele. Kijana anaiskani. Uso wenye ukubwa wa ukucha unakuzwa mpaka kufika ukubwa wa sinia, na kila unapokua unazidi kuwa ukungu. Shati lililofifia linaondolewa, anavalishwa suti. Nyuma yanawekwa mawingu, au maua, au maporomoko ya maji yasiyo ya nchi hii. Wanawe wakiletewa wanasema ndiye. Wajukuu wanasema siye. Shangazi anaamua.

Katika misiba ya Kikristo picha hiyo ina cheo. Mtu mmoja hubeba msalaba, mwingine hubeba picha, wakitangulia jeneza, na kuteuliwa kubeba picha ni jambo ambalo familia hulijadili. Kwa Waislamu wa mtaa uleule mazishi hayana nafasi ya picha, maiti anasitiriwa na hakuna fremu mbele ya jeneza. Lakini simu zimepita katikati ya desturi zote mbili. Siku hizi tanzia ya kwanza ni mabadiliko ya dipii. Ukiona mtu ameondoa sura yake na kuweka ya mama yake, bila neno lolote, moyo unalipuka, unaandika kwa woga: "Vipi, kwema?" Anakujibu: "Bi mkubwa katimiza miaka sabini leo." Ningetamani tungekuwa na alama ya kutenganisha mambo haya mawili. Watu wengine wameanza kuweka keki kando ya picha ili kutuondolea presha, na huo nao ni uandishi.

Ofisini kuna jamaa mwingine wa picha anayestahili kutajwa: nakala kivuli. Hivyo ndivyo matangazo ya kazi yanavyoita fotokopi. Ambatanisha vivuli vya vyeti na paspoti mbili za hivi karibuni. Ni neno zuri, na lina kiza chake pia. Kwa imani za wengi katika pwani hii, kivuli cha mtu ni sehemu ya mtu, na picha iko karibu sana na kivuli. Ndiyo maana kwenye nguzo za umeme za Manzese na Tandika kuna vibao vya waganga vinavyoahidi kurudisha mpenzi, na ukienda unaambiwa uje na picha yake. Ndiyo maana kuna bibi anayetoa albamu ionwe sebuleni, lakini ukiomba kubaki na picha moja anakuchekea na kubadilisha mazungumzo. Wasomi hudharau hofu hiyo. Mimi nilipunguza dharau yangu nilipoona mikopo ya mtandaoni inavyofanya kazi.

Mikopo ile ya riba kali, kausha damu, ilipohamia kwenye simu ilihamia na sura za watu. Unapakua programu, unapiga picha ya uso wako na ya kitambulisho, unaruhusu isome majina yote uliyohifadhi. Ukichelewa kulipa, picha yako inatumwa kwa bosi wako, mkwe wako, fundi wako wa nguo, ikiwa na maneno ya kukuita tapeli. Mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa hadharani orodha ya programu za mikopo zisizo na leseni. Kabla ya hapo Bunge lilikuwa limepitisha Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ambayo ilianza kutumika Mei 2023. "Taarifa binafsi" ni istilahi safi, imenyooka kama sare ya mgambo. Lakini mama wa Yombo aliyeona uso wake ukizunguka kwenye kundi la mtaa hakusema taarifa zake binafsi zimekiukwa. Alisema, "Wamenianika." Mwanasheria akitaka kuelewa kosa lenyewe aanzie kwenye kitenzi hicho.

Sasa mkanda umekufa, na dawa ya kuuogeshea imekufa nao. Picha zinazaliwa zikiwa tayari safi. Ungetarajia kusafisha kufe pia, lakini ingia kwenye studio yoyote ya Mbagala Rangi Tatu jioni ya kuamkia sikukuu usikilize. Dada ameshika simu, ana picha za kipaimara cha mwanawe, anamwambia kijana: "Nisafishie hizi kumi." Kijana anauliza, "Kuprinti au kusafisha?" Dada anashangaa kuna tofauti gani. Kijana, kwa uvumilivu wa mtu anayelieleza jambo hilo kila siku, anamfafanulia: kuprinti ni karatasi ya kawaida, ile ya barua, na ukiidondoshea maji wino unakimbia. Kusafisha ni karatasi ngumu inayong'aa, ya albamu. Bei mbili. Mashine ni ile ile, iko mezani, inawaka taa ya kijani, na haijawahi kuona tone la dawa. Dada anapiga hesabu. Anasema basi amsafishie nne za kwenda kwa mabibi wa pande zote mbili, na hizo sita aprinti tu, za watoto kuchezea.